Hodi Mara Tatu, Kisha Ikaondoka

Jumatano, baada ya Maghrib. Mvua imetishia tangu asubuhi na haikunyesha, joto limebaki palepale, na mie nimeudhika tangu saa tatu.

Nimekaa chini, mgongo ukutani, chai ya tangawizi pembeni. Watoto wapo kwa shangazi yao nyumba ya pili, baba yao hajarudi. Nimeona niandike sasa hivi, maana nikiyalaza haya mpaka kesho ntakuwa nshayapamba. Nnajijua. Kesho ntajitafutia visingizio, nitoke mzuri.

Leo nimeharibu kazini. Na sikuharibu kidogo.

Kwa aliyeingia hapa leo tu: mie ni Raya, mama wa watoto watatu, mshoni wa magauni ya harusi tangu sijaolewa. Tangu mwaka huu uanze nimo katika majaribio kwenye ofisi ndogo ya Mji Mkongwe inayotengeneza programu za kompyuta. Mwisho wa mwezi huu ndipo wataponiambia kama nabaki au naaga. Wenzangu wote pale ni vijana. Mmoja wao nilimshonea mama yake gauni la harusi, na yeye mwenyewe hupenda kunikumbusha kila akitaka nimpishe kwenye kiyoyozi.

Wengine huingia kwenye teknolojia kwa mlango wa chuo kikuu. Mie niliingia kwa bitana.

Ndivyo ilivyokuwa. Bwana Kirit, mwenye ofisi, ni mtoto wa muuza vitambaa. Baba yake ndiye aliyekuwa akiniuzia lesi na bitana miaka yote ile, na Kirit nimemjua akivaa sare ya skuli, akimkatia baba yake mita baada ya masomo, kila mara akipunja kidogo bila ya kukusudia. Akaenda kusoma Bara, akarudi, akafungua ofisi ghorofani, juu ya duka. Mie wakati ule nilikuwa nikienda kwa siri kwenye darasa la wanawake la Jumamosi, la kompyuta. Kwa siri kwa sababu nilikuwa mkubwa kuliko mwalimu. Shoga zangu wangelinicheka mpaka wakalia, na walipokuja kujua, kweli walinicheka. Sasa siku moja nnachagua bitana, namsikia Kirit anamlalamikia baba yake kuwa hapati mtu mwenye subira ya kutafuta makosa. Nikamwambia, mie kazi yangu kufumua. Akacheka. Nikamwambia sicheki. Akanipa jaribio, nikalifanya nyumbani, nikalifumua, nikalifanya tena, nikampelekea. Hapo ndipo kicheko kilipomwisha.

Na wallahi naipenda kazi hii. Nasema wazi. Naipenda kuliko nilivyowahi kupenda kushona, na kushona nilikupenda. Kitambaa ukishakikata vibaya umekikata. Huku ukikosea unarudi nyuma, unatazama wapi uzi umepotea, unaanza upya, na hapana bibi harusi anayelia mlangoni.

Hivyo ndivyo nilivyodhani mpaka leo asubuhi.

Kazi yenyewe ni hii. Kuna kliniki moja Mwanakwerekwe ya watu wenye sukari na presha. Siku ya kwenda kuchukua dawa hubadilika, kwa hivyo siku moja kabla, kompyuta yetu huwapelekea wagonjwa ujumbe wa simu: kesho njoo. Kipande cha kupeleka ujumbe nimekiandika mie. Kazi yangu ya kwanza iliyo yangu peke yangu, mwanzo mpaka mwisho. Nilikuwa nikipita njiani namtazama kila mzee mwenye simu, najiuliza kama huyu naye hupata ujumbe wangu.

Ijumaa iliyopita mtambo wa kampuni ya simu ukawa haupatikani kwa muda. Mambo hayo hutokea. Programu yangu ikajaribu kupeleka, ikakosa. Ikajaribu tena, ikakosa. Ikajaribu mara ya tatu. Kisha ikaondoka zake, kimya, na mwisho wa siku ikaandika kuwa kazi imekwisha.

Ujumbe wa asubuhi yote ile haukufika kwa mtu. Na sisi hatukujua, mpaka jana muuguzi wa kliniki alipopiga simu kuuliza mbona Jumamosi wagonjwa hawakuja.

Kirit hakupiga kelele. Laiti angelipiga. Leo asubuhi aliweka maandishi ya programu yangu ukutani, makubwa, kila mtu ayaone, akaniuliza kwa upole.

"Bi Raya, hapa umeiambia ijaribu mara tatu."

"Naam."

"Kisha?"

"Kisha iache."

"Iache tu? Isimwambie mtu?"

Kusema kweli sikuwahi kulifikiri hilo. Vidole viliandika tatu kama vinavyojua njia ya nyumbani. Nikasema lililonijia: "Kwani hodi si tatu?"

Vijana wakaangua kicheko. Kirit mwenyewe mdomo ulimcheza, maana kazaliwa hapa hapa, na kwa mama yake pia hodi ni tatu, ukikosa kuitikiwa unarudi ulikotoka wala hugongi mlango wa watu kama mdai. Lakini akajizuia. Akasema, "Nyumbani sawa. Hapa kuna mgonjwa anangoja." Akanitaka mambo mawili: niwapigie simu wote waliokosa ujumbe, na niitengeneze programu kabla ya kesho asubuhi. Hakutaja majaribio yangu. Hakukuwa na haja.

Nikakaa na simu. Wengi walikuwa salama. Wengine walinigombeza, na wana haki. Bibi mmoja wa Kidichi aliniuliza kama sisi hatuna wazee.

Kisha nikampigia Mzee Makame. Anakaa upande wa Jozani, karibu na msitu. Aliitika binti yake. Akanieleza kwa sauti ya mtu aliyechoka: baba alikuwa na vidonge vya kufika Jumamosi. Ijumaa kutwa simu mkononi, anangoja kuambiwa aende. Jumamosi hakuambiwa, akasema basi siku imesogezwa. Jumapili akaanza kuona kiwi, mwili unatetemeka. Jumatatu jirani mwenye gari akamkimbiza. Sasa hajambo, Alhamdulillah.

Nikamwomba radhi. Akasema subiri, baba anataka kusema na wewe.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu. Ndiye wewe unayeniletea ujumbe?"

"Ndiye mie."

"Nilidhani mmenisahau."

Basi. Hakusema zaidi ya hapo, wala hakuwa na hasira. Angelinitukana ningelipona haraka. Nikamwambia hatutakusahau tena, nikafunga simu, nikaingia chooni nikalia mpaka wanja ukanitiririka.

Adhuhuri nikatoka bila ya kuaga. Nikashika njia ya kwa mama. Nyumba yetu ya zamani haiko mbali na ofisi, unapita vichochoro viwili unafika. Njiani nshapanga kila kitu: kabla hawajanitoa ntajitoa mwenyewe. Ntarudi kwenye cherehani yangu, kona yangu ya dirishani, karibu na mama. Gauni likiharibika halimpelekei mtu hospitali.

Niliamua kuacha. Naliandika wazi kwa sababu ni kweli. Kwa muda wa vichochoro viwili, nilikuwa nshaacha.

Mama yangu, Bi Zuwena, nilimkuta kwenye cherehani yake, gauni jeupe limemfunika miguu, miwani puani. Hakuniuliza habari za kazi. Alinitazama, akasema, "Uso umekuvimba. Kuna wali na mchuzi wa pweza, jipakulie."

Nikajipakulia, sikula. Nikamsimulia. Mama hajui mambo ya mitambo na ujumbe wala hataki kujua, kwa hivyo nikamwambia achukulie ni tarishi. Tarishi kapewa habari apeleke nyumba ya watu. Anafika anapiga hodi tatu, hapana anayeitika, anarudi.

"Na habari?"

"Anarudi nayo."

"Akirudi anampa nani?"

"Hampi mtu. Anaitupa."

Mama akavua miwani. "Tarishi gani huyo hana adabu?"

"Nimemfunza mie. Na mie nimefunzwa na wewe."

Eh, nilimgusa pabaya. Mama yangu unaweza kumwambia amezeeka, unaweza kumwambia biriani lake limepungua chumvi, lakini usimwambie kuwa hakulea.

"Usinisingizie mie," akasema. "Mie nilikufunza hodi tatu, sikukufunza kutokomea. Nilipokuwa nikikutuma na nguo za watu, ukikosa mtu, ukifanyaje?"

Nakumbuka vizuri. Nilikuwa nikienda mlango wa jirani, namwambia: mwambie Bi Asha nimepita, gauni lake liko tayari, ntarudi alasiri. Na nikirudi nyumbani, kabla sijavua viatu, mama keshauliza umemkuta? Namwambia sikumkuta. Na alasiri ananitoa tena, jua hilo, mpaka gauni lifike mkononi mwa mwenyewe. Hapakuwa na siku niliyorudi na nguo ya mtu nikaiweka chini nikaenda kucheza.

Kumbe nusu ya adabu niliiandika, nusu nikaiacha nje.

Wajuzi wanaosoma hapa watasema jambo hili limo katika kurasa za mwanzo za kila kitabu. Limo. Nimelisoma, nimelipigia mstari, na siku ya kuandika halikuwepo kichwani. Kirit angelinieleza kwa dakika moja, na ilikuwa shauri yangu kumuuliza, sikumuuliza kwa sababu sikutaka vijana waone sijui. Hilo nalo niliandike.

Ungelidhani hapo ningelinyanyuka nikakimbilia ofisini. Wapi. Mtu akishakata tamaa huwa na uvivu wa kuirudisha. Nikamwambia, "Mama, nimechoka. Mwisho wa mwezi wataniaga, na wasiponiaga ntaaga mwenyewe. Narudi kushona."

Mama alikuwa keshavaa miwani, karudi kwenye upindo wake. Akauliza bila ya kuniangalia, "Ukae wapi?"

"Kwenye cherehani yangu."

"Cherehani yako nshampa Fatma."

Nikageuka. Pale dirishani palikuwa na kitu kimefunikwa kanga yangu ileile ya zamani, umbo lilelile, kimo kilekile. Nikaenda nikafunua. Kapu la vipande vya vitambaa, juu ya kigoda.

Fatma ni jirani wa chini. Kaachwa mwaka jana, ana watoto wawili, anashona sare za skuli. Sina ugomvi naye hata kidogo. Lakini ile ni cherehani yangu. Nimeinunua kwa jasho langu, nimeshonea juu yake nina mimba ya kila mtoto.

"Tangu lini?"

"Tangu wiki uliyoanza kwa Kirit."

"Na hili kapu?"

"Ili usijue."

Na mie mtu mzima, ninayelipwa kutafuta makosa, nakuja hapa kila Ijumaa nakula nakunywa nimekaa nalo uso kwa uso, sikuliona.

Nilikasirika, jamani. Nilinyanyua sauti kwa mama yangu, jambo nisilolifanya. Nikamwambia ningelishauriwa. Nikamwambia kitu cha mtu hakigawiwi. Nikasema na mengine siyaandiki. Mama akaniacha nikamaliza. Cherehani yake ilikuwa imenyamaza, mkono umekaa juu ya gurudumu.

"Ungeliiona ipo," akasema, "ungelirudi siku ya mwanzo uliyokemewa. Nnakujua nilivyokuzaa. Sasa kula, wali unapoa."

Nikala huku nalia, kama mtoto. Pweza alikuwa laini na mie sikumwambia.

Nikarudi ofisini. Nilikuwa na hasira bado, lakini zilikuwa hasira za kufanyia kazi. Nikamfuata Kirit mezani kwake, mbele ya wote, nikamwambia nataka kuuliza. Nikauliza kila kitu nilichokuwa naona haya kukiuliza tangu mwanzo wa mwaka. Yule kijana wa kiyoyozi akavuta kiti akakaa nasi, akanionesha njia mbili, moja yake na moja ya Kirit, wakabishana wao kwa wao, nikachagua.

Sasa programu yangu inapiga hodi tatu. Hilo sikulibadilisha, nimegoma. Ikikosa kuitikiwa inaweka ujumbe mahali salama, inaandika jina la mgonjwa kwa rangi nyekundu kwenye kioo cha kompyuta ya muuguzi, inarudi tena baada ya muda, na tena. Ikifika alasiri jina bado jekundu, muuguzi anajua huyu apigiwe simu kwa mkono. Na haiandiki kazi imekwisha mpaka iwe imekwisha.

Tukaijaribu. Kirit akauzima mtambo wa majaribio kwa makusudi. Majina yakawa mekundu, moja baada ya moja. Tukangoja. Akauwasha. Programu ikarudi yenyewe, ikapeleka, wekundu ukaondoka mpaka jina la mwisho.

Kirit akasema, "Sawa, Bi Raya." Akabeba kikombe chake akaenda. Habari ya mwisho wa mwezi hakuigusa, na mie sikuuliza. Ninavyomjua, anapima bado, na safari hii hapunji.

Nilipotoka nikapita tena kwa mama kumwomba radhi. Nilimkuta anaswali Alasiri amechelewa kwa ajili ya gauni la watu, nikamngoja, nikambusu mkono. Akasema, "Haya, nshasahau," na najua hajasahau, na kesho kutwa atanikumbusha. Akanifungia pweza aliyebaki nimpelekee mume wangu.

Wakati wa kushuka, mlango wa Fatma ulikuwa wazi. Cherehani yangu ipo pale, inatazama ukumbini, sare ya buluu imelala chini ya sindano. Fatma aliponiona akasimama, mikono haijui iende wapi. Nadhani zile kelele zangu za mchana zilimfikia.

"Dada Raya, ichukue," akasema. "Mie nilikataa toka mwanzo, wallahi. Nilimwambia Bi Zuwena, mwenyewe atarudi kuitaka."

"Akasemaje?"

"Akanambia, Raya harudi. Raya anaandika programu za kompyuta."

Nilibaki nimesimama ngazini, kifurushi cha pweza mkononi. Mama mbele yangu huiita kazi yangu "mambo yako yale". Sijapata hata siku moja kumsikia akiitaja kwa jina lake. Sikujua kama analijua.

Na mie je? Watu wakiniuliza nafanya kazi gani, nasema mshoni, ila kwa sasa najaribu-jaribu kompyuta. Naambiwa hongera, nasema tuombe Mungu, majaribio tu. Mwaka mzima huu nimejibu hivyo, harusini, msibani, kwa wakwe. Kirit akiniaga mwisho wa mwezi, nilikuwa nshajitayarishia jibu kuwa hata sikuwahi kuingia.

Fatma akauliza kwa wasiwasi, kama anayehofia kuwa amekosea kunisimulia, "Kwani si ndiyo kazi yako?"

Nikamwambia akae, aendelee kushona, cherehani ni yake.

"Ndiyo," nikasema. "Ndiyo kazi yangu."